Kisigino Hakiumi Peke Yake

Juzi usiku dada yangu alinipigia simu kutoka Kayole. "Kaka, kijana amechomwa sindano nyingine ya kisigino. Hii ni ya pili, na bado anakanyagia vidole." Nikamuuliza jambo moja tu: asubuhi anaamkaje? Akanyamaza kidogo. "Kama mzee. Anajishika ukutani mpaka chai iwe tayari. Lakini huo ni mgongo, mimi nakueleza habari ya mguu."

Sikupata usingizi. Mimi nina spondilaitisi, yabisi ya uti wa mgongo, na kabla haijajulikana nilizunguka Nairobi miaka minane. Mgongo niliupeleka kwa huyu, kisigino kwa yule, na jicho lilipokuwa jekundu hata nikashindwa kutazama mwanga nilinunua matone kwa kemisti, jambo ambalo leo nisingemruhusu mtu alifanye. Jicho la namna hiyo hupelekwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Wote walinitibu kwa bidii, ila hakuna aliyeniuliza habari ya kiungo kilichoshughulikiwa na mwenzake. Mara tatu nilimeza dawa za brusela, ule ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Haya, nakubali: brusela ipo na inauma mgongo, na kifua kikuu cha mgongo kipo, na daktari asiyeyafikiria hayo katika nchi hii atakosea. Lakini mtu akimaliza dawa mara ya tatu na bado hawezi kuinama avae soksi, lifikiriwe jambo lingine.

Mpwa wangu ana miaka 24, ni seremala Gikomba, kwa hiyo kila anayemwona ana jibu tayari: anasimama sana, viatu vibaya, mbao nzito. Kazi huumiza, najua. Ila mgongo uliochoshwa na kazi hupata nafuu ukilala. Wa kwake humwamsha saa tisa usiku, na nafuu huja akishatembeatembea. Visigino navyo vimepokezana, cha kulia kisha cha kushoto. Pale kano inaposhikia mfupa ndipo ugonjwa huu unapopenda kukaa. Kinga ya mwili huanzisha moto mahali ambapo hakuna kidonda wala kijidudu: nyuma ya kisigino, kwenye unyayo, chini ya pia ya goti, mbavu zinapokutana na kidari. Usiku mmoja nilikimbizwa hospitali tukidhani ni moyo. Zilikuwa mbavu.

Na wamemwambia apumzike wiki mbili! Hapa ndipo ninapotaka kila mzazi anisikilize. Mgonjwa wa mgongo huu akilazwa kitandani hukakamaa zaidi. Mimi nililalishwa juu ya ubao mwezi mzima, mama akinizuia hata kwenda kuteka maji, kwa mapenzi yake yote, na nilipoinuka shingo ilikuwa haigeuki. Kilichonirudishia mwili ni dawa za kupunguza uvimbe nilizoandikiwa na daktari, pamoja na kujinyoosha kila alfajiri, kila siku, hata siku ambazo nalia. Kisigino kilichovimba kipunguziwe mzigo, sawa, kiwekewe soli laini. Mwili mzima usifungwe kwa sababu ya kisigino.

Sindano nayo inanitia hofu. Steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ikichomwa kwenye ile kano nene ya nyuma ya kisigino inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Nikamuuliza dada ni dawa gani nyingine anameza. Siprofloksasini, ya taifodi, kutoka kemisti. Dawa hiyo pia inajulikana kwa kudhuru kano, na huko Marekani dawa hiyo iliwekewa onyo kali tangu 2008. Kwa seremala, kano hiyo ndiyo riziki.

Kuhusu vipimo: eksirei inaweza kuwa safi kwa miaka wakati MRI, picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, tayari inaonyesha uvimbe, na MRI ni ghali, najua. Kipimo cha HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu, kisimfunge mtu. Ulaya wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wana jeni hiyo. Kwetu sisi Waafrika weusi jeni hiyo ni adimu, na mimi niliambiwa "huna ugonjwa" kwa sababu sikuwa nayo.

Lakini swali la asubuhi halina bei. Mtu yuko chini ya miaka 45, mgongo umemuuma zaidi ya miezi mitatu, kisigino kinauma: muulize anaamkaje, na inachukua muda gani mwili kulegea. Mwenye kibanda cha sindano amuulize, daktari bingwa amuulize, nanyi mnaokaa naye nyumba moja mwulizeni.

Jumanne nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa viungo. Nimemwomba kila asubuhi aandike kwenye simu amechukua muda gani. Leo kaniletea ujumbe: "Mjomba, saa nzima na dakika kumi, ndipo nimeweza kufunga kamba za viatu."