Siku ya Hatari ni Ile Anayotoka Soba

Teja wa heroini akifa mtaani tunasema "kazidisha", na mjadala unaishia hapo. Hakuna anayeuliza mwezi uliopita alikuwa wapi. Ukiuliza, mara nyingi utaambiwa alikuwa mahabusu, au soba, ile nyumba ya kuachishia dawa za kulevya, au alipelekwa kijijini kwa shangazi yake akatulie mbali na maskani. Alirudi amenawiri, mashavu yamejaa, majirani wakamshukuru Mungu. Wiki haijaisha akakutwa chooni, mlango umefungwa kwa ndani.

Watu wengi wanaona huo ni mkosi tu, au ushahidi kwamba teja haponi. Mimi naona ni kitu kinachotabirika kabisa, na sisi tunaowapenda hawa vijana tuna mkono wetu ndani yake, kwa namna tunavyowalazimisha waache.

Heroini inatokana na afyuni, utomvu wa mmea wa mpopi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliingiza heroini sokoni kama dawa ya kikohozi, na kwa kweli kikohozi kilikuwa kinakatika. Ukoo wake ni mkubwa: kuna kodeini, tramadoli, pethidini na mofini ya wodini, na kuna heroini yenyewe, unga wa kwenye kete. Zote zinatuliza maumivu, nyingi zinafunga choo na kufanya mboni ya jicho iwe ndogo kama nukta, na zote zinauambia ubongo kwamba hakuna haraka ya kuvuta pumzi. Hili la mwisho ndilo linaloua. Mtu anapumua polepole, halafu polepole zaidi, anakoroma mkoromo usio wa kawaida, midomo inapauka au kuwa na rangi ya bluu, kisha kimya. Wenzake wanadhani amelala, na wengine humfunika kitenge asipigwe na baridi.

Sasa, mwili una tabia ya kuzoea. Anayevuta au kujidunga kila siku anafika mahali ambapo dozi inayoweza kutuua mimi na wewe, yeye inamwondolea arosto tu, yale mateso ya kukosa unga, aweze kusimama aende kutafuta nyingine. Usugu huo haudumu. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia unayeyuka, na mwili wake unarudi kuwa kama wa mtu ambaye hajawahi kugusa unga. Ila kumbukumbu haiyeyuki. Akiteleza, mkono wake unapima kile kipimo cha zamani, na kifua hakikiwezi tena.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo uraiani, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Washington ni mbali, lakini mapafu ni yale yale.

Familia nyingi zinadhani ugonjwa wenyewe ni arosto, na si ajabu, kwa sababu arosto inatisha kuitazama. Saa chache baada ya kete ya mwisho miayo inaanza, kamasi, machozi, vinyweleo vinasimama, tumbo linaharisha, mifupa inauma kana kwamba inasagwa. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na wiki ikiisha sehemu kubwa imepita. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra arosto yenyewe kuua, ilimradi asikaukiwe maji kwa kutapika na kuharisha. Basi baba anamfungia mwanawe chumbani, anavumilia makelele, siku ya nane anafungua mlango, anatangaza mtoto kapona. Kinachotoka mle chumbani ni mtu mwenye hamu ile ile, bila ile ngao yake ya usugu. Kufungia watu na minyororo, kama inavyofanyika sehemu nyingine kwa jina la tiba, sitaki hata kuanza kulijadili.

Na soba? Ninawaheshimu waliopona wanaoziendesha. Hakuna anayemwelewa teja kama aliyewahi kulala naye chini ya ukuta mmoja. Tatizo langu ni pale nyumba inapompokea kijana, ikamkatia kila kitu, ikakaa naye miezi, kisha ikamrudisha Kinondoni au Temeke na nasaha peke yake. Anayetoka pale anapaswa kuambiwa wazi, mbele ya mama yake: mwili wako haujui unga tena, ile dozi uliyoacha nayo itakuua. Wengi hawasemi hivyo, wakiogopa wataonekana wanamfundisha kurudia. Ninaona ni woga uliokaa mahali pabaya.

Dawa ipo, nayo si siri. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni Februari 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata, na leo huduma hiyo imefika hadi mikoani. Zanzibar ipo, na kwa wenzetu wa Kenya ipo Nairobi, Mombasa na Malindi. Methadoni nayo ni ya ukoo ule ule wa afyuni, ila imetengenezwa maabara. Inanywewa kama sharubati, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na inadumu mwilini saa 24 au zaidi. Haimpandishi mtu asubuhi na kumwangusha mchana. Arosto haiji, hamu inapoa, na usugu wake haupotei, kwa hiyo hata akiteleza siku moja si rahisi afe kama yule aliyetoka kavu. Asiyejidunga hashiriki sindano, na sindano za kushiriki ndizo zilizowaachia mateja wengi virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C.

Hapo ndipo ninapokutana na ile sentensi inayonichosha: "Mmemtoa kwenye unga mkamtia kwenye methadoni, tofauti iko wapi?" Tofauti ni kwamba saa nne asubuhi yuko kazini. Haibi simu. Analala nyumbani kwake. Mama mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mtumwa wa sindano. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na buprenofini inayofanya kazi kama hiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, orodha ile ile yenye dawa za malaria.

Hofu yetu ya ukoo huu wa dawa inaumiza hata wasiohusika na unga. Uganda, tangu Dkt. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wagonjwa wa saratani wanapewa mofini ya maji ya kunywa nyumbani. Huku kwetu bado unakutana na ndugu anayekataa mgonjwa wake apewe mofini, eti atakuwa teja, na mgonjwa mwenyewe amebakiza wiki chache za kuishi.

Siichori methadoni kuwa muujiza. Kwenda kituoni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ni kazi. Anayetoka Mbagala au Bunju anahesabu nauli ya kwenda na kurudi kila asubuhi, na mwajiri gani atamvumilia anayechelewa siku zote? Wengi wanaacha kwa sababu ya daladala, wala si kwa sababu ya hamu. Halafu kuna jambo ambalo ndugu wengi hawalijui. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaifanya methadoni iishe haraka mwilini, na baadhi ya dawa za UKIMWI, kama efavirenzi, ni hivyo hivyo. Mgonjwa anaanza kusikia arosto akiwa amekunywa dozi yake, nyumbani wanamwita mwongo, yeye anarudi maskani. Kumbe alihitaji tu daktari aambiwe na dozi ipandishwe. Na anayechanganya methadoni na pombe au vidonge vya valiamu anacheza na pumzi zake, hilo lisemwe pia.

Najua kuna watakaosema suluhisho ni kuwakamata wanaoleta. Wakamatwe. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilinasa kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya, mzigo mmoja tu. Lakini yule aliye chooni na mlango umefungwa hasaidiwi na jahazi lililokamatwa.

Anayemsaidia ni mwenye naloksoni. Hii ni dawa inayouondoa unga pale ulipojibanza kwenye ubongo, na mtu anaanza kupumua ndani ya dakika chache. Inachomwa kwenye msuli au kupulizwa puani. Haina starehe yoyote, na kwa asiye na dawa za ukoo huu mwilini haifanyi kitu. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri iwe mikononi mwa watu wanaoweza kumkuta mtu aliyezidisha, yaani wenzake wa maskani, ndugu zake, wahudumu wa jamii. Kwetu ukiitafuta mtaani huipati. Ningependa kila anayetoka soba au gerezani akabidhiwe, pamoja na mtu wa nyumbani kwake aliyeoneshwa namna ya kuitumia, na apelekwe kituo cha methadoni siku hiyo hiyo, asiambiwe aje Jumatatu.

Mpaka hapo, ukimkuta mtu anakoroma ovyo na haamki, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mtikise bega, mwite kwa nguvu. Kama hapumui au anavuta pumzi moja moja, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano, na mwenzako atafute usafiri wa hospitali. Akianza kupumua mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Akipewa naloksoni akaamka, kaa naye bado, kwa sababu nguvu yake inaweza kuisha ndani ya saa moja na unga ukawa ungali mwilini, akazama tena. Atakuwa na hasira, atataka kuondoka. Usimruhusu aondoke peke yake.