Bonyeza Kipi Sasa?

Msimu wa korosho ukifika, Mtwara nzima inakuwa ya makarani. Huku mzani, huku magunia, huku kompyuta, na pembeni ya kompyuta kuna mwongozo wa programu uliobanwa pini, jalada lina doa la chai. Mwongozo unasema: "Andika jina la mkulima, kisha bonyeza Ingiza." Haya, bwana. Inama uitazame kibodi. Ingiza iko wapi? Kuna Enter, kuna Insert. Karani anajipigia hesabu, anaona Insert ndiyo inayoelekea kuingiza vitu. Anaigonga.

Hakuna kilichotokea. Ndivyo anavyodhani. Kwenye programu kadhaa kitufe cha Insert kinageuza namna ya kuandika: herufi mpya inaifuta iliyo mbele yake. Sasa kumeandikwa "Juma Saidi", mkulima anasema jina la baba limerukwa, ni Juma Ally Saidi. Karani anaweka kishale kabla ya Saidi, anaandika Ally na nafasi moja. Herufi nne na nafasi, jumla tano. Saidi nayo ina herufi tano. Imeliwa yote! Mzee wa watu kaja kuongezewa baba, kaondoka hana babu.

Na aliyeandika mwongozo angemaliza kazi kwa neno moja tu, Enter, vilevile lilivyochorwa kwenye kitufe. Mara ya kwanza aongeze mahali kilipo: kile kikubwa upande wa kulia, chenye mshale uliokunjwa. Mshale autaje, maana kuna kibodi zenye mshale peke yake bila neno, na zile za Apple zimeandikwa return. Programu itafsiriwe utakavyo, lakini kibodi ilishatoka kiwandani zamani, na msomaji anaitazama kibodi.

Tena kuna hii "bonyeza OK". Mtu anaitafuta OK kati ya O na K mpaka jicho linatoa machozi. OK iko kwenye skrini! Waandishi wa miongozo, kila kitu mnakiita kitufe, kila kitu mnasema bonyeza, cha kidole na cha mausi. Si mchague? Cha kwenye skrini sema bofya, cha kwenye kibodi sema bonyeza, na usibadilishe hadi ukurasa wa mwisho. Cha kibodi kizungushie kisanduku kidogo kabisa. Kama mwongozo uko mtandaoni, HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, ina alama ya kbd kwa kazi hiyo hiyo tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995, na bado watu wanaweka herufi nene kila mahali, mpaka huelewi kipi kitufe na kipi ni msisitizo.

Haya, njoo kwenye Ctrl+S, ile ya kuhifadhi kazi. Anayejua anaona ni kitu kimoja. Asiyejua anahesabu vitu vitatu: Ctrl, jumlisha, S. Anavigonga kwa zamu, moja, mbili, tatu, na kwenye fomu inabaki "+s" imeganda kwenye jina la kijiji. Akiwa ameishikilia Ctrl ndani ya kivinjari, ile jumlisha inakuza ukurasa, na asipokoma maandishi yanakuwa makubwa ya kusomeka kutoka Mikindani. (Ctrl na sifuri inarudisha saizi ya kawaida. Hili nalo mwongozo haulisemi.)

Mwingine ni mwangalifu kupita kiasi. Ameona S ni kubwa, basi anaongeza Shift ili aipate S kubwa. Hiyo sasa ni Ctrl+Shift+S, na kwenye programu nyingi maana yake ni kuhifadhi kwa jina jingine. Jioni kuna "orodha", "orodha mpya", "orodha mpya kabisa", na hakuna anayejua ipi ina kilo za kweli.

Andikeni hivi mwanzoni, mara moja tu: "Shikilia Ctrl, ukiwa bado umeishikilia bonyeza S mara moja, kisha achia vyote. Herufi kubwa kwenye mwongozo huu haimaanishi Shift." Sentensi mbili! Kama vitufe vinafuatana, mfano Alt halafu F, sema "bonyeza Alt, achia, kisha bonyeza F", wala usitie jumlisha. Na wale mnaoandika ^C mkimaanisha Ctrl na C, mnaodhani kila mtu amezaliwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa Unix: msomaji anabonyeza Shift na 6, anakipata hicho kikofia, anaandika C, anakaa anasubiri.

Lakini balaa lenyewe ni Num Lock, kile kitufe cha kuwasha na kuzima vitufe vya namba. Mwongozo unasema "andika kilo kwa vitufe vya namba". Kwenye kibodi kubwa, Num Lock ikiwa imezimwa, 8 inapandisha kishale, 2 inashusha, 7 inakirusha mwanzo wa mstari. Unaandika 728 na skrini haina hata moja, kishale kinatembea tu. Basi unaiwasha. Sawa, ila ukiiwasha kwenye laptopu ndogo za zamani zisizo na vitufe vya namba pembeni, namba zinahamia kwenye herufi za mkono wa kulia: U ni 4, I ni 5, O ni 6, J ni 1, K ni 2, L ni 3, M ni 0. Sasa andika korosho. Inatoka 26r6sh6. Andika mkulima, inatoka 024350a. Na ukiandika neno kilo, jamani, inatoka 2536, na hapo programu haigombi hata kidogo, inapokea kilo elfu mbili mia tano thelathini na sita za mtu mwenye magunia manne!

Dawa yake mstari mmoja: "Herufi zikitoka namba, zima Num Lock, kwenye laptopu nyingi ni kushikilia Fn na kubonyeza kitufe kilichoandikwa NumLk au Num Lk." Andika majina yote mawili, wino wa mwandishi hauishi.

Laptopu za mtumba sizitaki hata kuzisema. Ya Ujerumani imeandikwa Strg badala ya Ctrl, Entf badala ya Delete, na Z imekaa kati ya T na U. Fundi akishaiweka kwenye mpangilio wa herufi wa kibodi za Marekani, kitufe kilichoandikwa Z kinatoa Y. Unabonyeza Ctrl na Z ufute kosa, kwenye programu nyingi inafanya Ctrl+Y, yaani inalirudia. Ndiyo maana lazima mtaje mahali kilipo, jina halitoshi. Na alama ya @ msitoe njia yake, iteni "alama ya @" muishie hapo: kwa mpangilio wa Marekani ni Shift na 2, kwa wa Uingereza Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu.

Mwisho kabisa, ukurasa wa kuwasha: "Bonyeza kitufe chochote kuendelea." Chochote! Mtu anabonyeza Shift, kimya. Ctrl, kimya. Fn, kimya. Vitufe hivyo peke yake kwa kawaida havihesabiwi. Anaona bora akibonyeze kile cha pembeni chenye duara na kijistari, nacho ni kitufe, na mashine inazima na kazi ya asubuhi nzima. Andikeni spesibaa, ule ubao mrefu wa chini. Hata kwenye kibodi iliyofutika herufi zote unaonekana.