Makofi Saa Kumi na Mbili, Hesabu Saa Tatu

Machi mwaka huu mwanangu alipewa cheti na bodi ya shule, ile inayosimamia shule zote za wilaya yetu. Hakuwa amekosa shule hata siku moja tangu Agosti, na hapa California jambo hilo linatosha kumpandisha mtoto jukwaani, akapeana mikono na wajumbe watano wa bodi na kupigwa picha. Tulifika mapema ili tupate viti. Mabibi walikuja na maua, watoto wadogo walikimbizana kati ya safu, na nyuma kabisa wazee walisimama wakiegemea ukuta kwa kukosa pa kukaa.

Kikao kilianza saa kumi na mbili jioni. Ilitangulia timu ya wanafunzi waliounda roboti, wakafuata waimbaji wa kwaya, kisha watoto wa mahudhurio kamili, na mwisho wafanyakazi. Dereva mmoja wa basi la shule, mama wa makamo, alisomewa sifa zake hadi akafuta machozi. Ukumbi mzima ulisimama. Mimi pia nilisimama, na nilipiga makofi kwa moyo wote, kwa sababu huyo mama ndiye anayemchukua mwanangu kila asubuhi, na siku za mvua humngojea kidogo akimwona anakuja mbio.

Baada ya hapo mwenyekiti akatangaza mapumziko ya dakika tano, “ili familia zinazotaka kuondoka ziondoke.” Ziliondoka karibu zote. Nami nilikuwa nimeshashika funguo za gari pale baba mmoja Mkongo aliyekaa kando yangu aliponigusa bega: “Kaka, ngoja kidogo. Sasa ndiyo wanaanza.”

Nilikaa. Mtoto alinilalia mapajani huku kashika cheti chake. Tulibaki watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Wajumbe walipitisha kwa mkupuo mmoja orodha ndefu ya malipo na mikataba, bila kusoma hata kifungu kimoja, kisha wakazungumzia paa la jengo fulani kwa muda usioelezeka. Ilipofika saa tatu usiku, mkuu wa fedha alisimama na taarifa yake ya pili ya mwaka.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kulijua hili. Mwaka 1991 wilaya ya shule ya Richmond, ng’ambo ya ghuba kutoka San Francisco, iliishiwa fedha wiki kadhaa kabla ya mwaka wa masomo kumalizika, ikatangaza kwamba itafunga milango. Wazazi wakaenda mahakamani, na jimbo likaamriwa kuhakikisha watoto wanaendelea kusoma. Mwaka huohuo ikatungwa sheria inayoitaka kila wilaya ya shule ijipime hadharani mara mbili ndani ya mwaka, mara ya kwanza Desemba na mara ya pili katikati ya Machi, na ijitangaze kwa neno moja kati ya matatu. Chanya maana yake ni kwamba italipa madeni yake mwaka huu na miaka miwili ijayo. Yenye mashaka maana yake huenda isiweze. Hasi maana yake haitaweza. Si maneno ya kutishia watoto. Oakland mwaka 2003 ilifikia mahali pa kukopeshwa na jimbo takriban dola milioni 100, na bodi yake iliyochaguliwa na wananchi ikanyang’anywa madaraka.

Taarifa yetu ya usiku ule ilikuwa yenye mashaka.

Kipengele kilichofuata kilikuwa azimio la kupunguza nafasi za kazi. Majina hayakutajwa, zilitajwa aina za kazi tu: wasaidizi wa madarasa, mshauri wa wanafunzi, walimu kadhaa, na madereva wawili wa mabasi. Kura zilikuwa tano kwa sifuri. Sijui kama yule mama ni mmoja wa hao wawili. Ninachojua ni kwamba saa moja na nusu kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya watu haohao, akipewa maua, na hakuna mmoja wao aliyekuwa hajui kilichoandikwa ukurasa wa pili wa ajenda.

Kuhusu ajenda niwatendee haki: hawakuficha kitu. Sheria ya Brown ya 1953, ile ya vikao vya wazi, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na ilibandikwa. Ningeweza kuisoma. Wazazi wote waliojaa ukumbini wangeweza kuisoma. Nani husoma ajenda ya kurasa mia mbili ili akapige picha ya mtoto wake?

Tarehe nayo haikuangukia Machi kwa bahati mbaya. Sheria ya California inataka mwalimu wa kudumu anayeweza kupunguzwa kazi apewe notisi ya awali kabla ya Machi 15, na uamuzi wa mwisho kabla ya Mei 15. Tangu 2022 utaratibu huo unawahusu pia madereva, wapishi na wasafishaji wa kudumu. Sasa itazame kalenda: wiki ya kuwashukuru walimu, inayosherehekewa Marekani nzima, ni wiki kamili ya kwanza ya Mei. Inaangukia kati ya tarehe hizo mbili, karibu na ile ya pili. Kwa hiyo kila wilaya inapopunguza watu, wapo walimu wanaopokea kadi za shukrani na keki huku barua ya Machi iko kwenye droo, wakingojea ya Mei. Sidhani kama kuna aliyepanga hivyo, lakini nayo miaka inapita na sijasikia bodi ikilisema kwa sauti.

Mwanangu alipolala mle ukumbini nilikitazama tena cheti chake, na ndipo nikacheka peke yangu. Shule za umma za California hazilipwi kwa idadi ya watoto walioandikishwa. Zinalipwa kwa wastani wa waliohudhuria kila siku. Mtoto akiugua mafua akabaki nyumbani, mwalimu wake analipwa mshahara uleule, taa zinawaka vilevile, basi linapita njia ileile, ila hesabu ya siku yake haiingii. Sheria hupunguza makali kwa kuiruhusu wilaya itumie takwimu za mwaka uliopita, au wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, ikiwa hizo ni kubwa zaidi; lakini pengo huja tu, hata likichelewa. Kumbe kile cheti cha mahudhurio kamili kilikuwa pia namna fulani ya risiti. Wilaya ilikuwa inamshukuru mtoto wa miaka tisa kwa mchango wake katika mapato, na hakuna aliyemwambia.

Tena hata kama risiti, haina uhakika. Kuna utafiti uliochapishwa 2021, mmoja wa waandishi wake akiwa Todd Rogers wa Harvard, uliowahusisha wanafunzi zaidi ya 15,000. Wale waliotunukiwa bila kutarajia kwa mwezi waliohudhuria bila kukosa, baadaye walikosa shule zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa chochote. Watafiti walieleza kwamba huenda tuzo iliwapa watoto ujumbe wa kwamba wamefanya zaidi ya wenzao, na zaidi ya walichotakiwa. Nimekisoma kisa hicho mara mbili, na mara zote mbili nimemfikiria mwanangu, ambaye Jumatatu iliyofuata alilalamika tumbo linauma.

Wapo watakaouliza kwa nini bodi haipandishi kodi. Haiwezi. Tangu wapiga kura wa California walipopitisha sheria ya kodi iitwayo Proposition 13 mwaka 1978, kodi ya msingi ya mali isiyohamishika ina kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani yenyewe haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Mfuko wa shule ulihamia kwa kiasi kikubwa Sacramento, makao makuu ya jimbo, na bodi ikabaki na kazi ya kugawa. Ikitaka kodi yake maalum kwa kila kiwanja, kwa kawaida inahitaji theluthi mbili ya kura. Hati fungani za ujenzi ni rahisi kidogo, asilimia 55 tangu 2000, lakini fedha zake ni za majengo na vifaa, si za mishahara. Ndiyo maana unaweza kuona uwanja mpya wa michezo unajengwa mtaa uleule ambao mwalimu wa muziki anaondolewa. Kila mwaka kuna mzazi anayeita huo wizi. Si wizi. Ni mifuko miwili ambayo sheria imekataza ichanganywe, na bodi ingelieleza hilo siku ukumbi umejaa, nusu ya ugomvi wa mitandaoni ungekwisha.

Mengine ni majeraha ya juzi. Serikali kuu ilitoa karibu dola bilioni 190 kwa shule za nchi nzima wakati wa korona, na sehemu ya mwisho ilibidi ipangiwe matumizi kabla ya Septemba 30, 2024. Wilaya zilizoajiri watu wa kudumu kwa fedha za muda sasa zinavuna zilichopanda. Na watoto wenyewe wanapungua: shule za umma za California zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 6.2 muongo mmoja uliopita, na mwaka wa masomo 2023–24 walikuwa chini ya milioni 5.9.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya kuhusu vyeti. Kuna watu wanaosema makofi ni bure, wawape watu pesa. Ni rahisi kusema. Katiba ya California inakataza kutoa fedha za umma kama zawadi, na sheria ya elimu inaruhusu tuzo kwa wafanyakazi na wanafunzi kwa masharti, kikomo kikiwa dola 200 isipokuwa bodi iidhinishe zaidi. Karatasi na maua vina sababu yake. Na yule dereva hakulia machozi ya uongo. Kusomewa kazi yako mbele ya watu, na wenye mamlaka wakakutazama machoni, ni jambo ambalo mshahara peke yake hauleti.

Ninachokataa ni ule mpangilio. Kutunukiwa kumewekwa mwanzoni na fedha mwishoni, kana kwamba ni mambo mawili, na kati yake pamewekwa mlango wa kutokea. Takriban dola nane katika kila kumi za uendeshaji wa shule huishia kwenye mishahara na mafao. Maana yake bajeti ni orodha ya watu. Ni watu walewale wanaopandishwa jukwaani, isipokuwa kwenye bajeti hawana majina.

Hata ofisi ya fedha nayo hutuzwa. Mwaka juzi bodi yetu ilishangilia cheti cha ubora wa taarifa za fedha ambacho wilaya ilikuwa imetunukiwa, na nakumbuka nikitoka pale nikidhani mambo ni shwari. Vyeti vya namna hiyo, kama kile cha GFOA, chama cha maofisa wa fedha wa serikali, hupima jinsi taarifa ilivyoandikwa na ilivyo wazi. Havipimi afya ya mfuko. Mgonjwa anaweza kuwa na faili safi kabisa. Nalisema hili bila dharau kwa wahasibu, maana faili chafu ndilo lililowaangusha wengi.

Mwezi Aprili nilirudi, nikajaza fomu ya kuzungumza, nikapewa dakika tatu. Niliomba jambo moja tu: kikao ambacho kina taarifa ya fedha na vyeti usiku mmoja, mkuu wa fedha apewe dakika kumi kabla ya vyeti. Dakika kumi, kwa lugha ya kawaida: tulichonacho, tunachodaiwa, tunachofikiria kupunguza na ni kazi gani. Kisha watoto waitwe. Kama kuna mfanyakazi anayetunukiwa na kazi yake iko kwenye orodha ya kupunguzwa, aambiwe kabla, faraghani, aamue mwenyewe kama anataka kupanda jukwaani.

Mjumbe mmoja alinifuata baadaye kwenye korido. Alikuwa mpole, na hoja yake haikuwa mbaya: nitaharibu furaha ya watoto, na isitoshe watu hawaji kwa ajili ya bajeti. Kuhusu watoto nilikubali nusu. Wa miaka sita hana haja ya kusikia habari za nakisi, na kama dakika kumi ni nyingi, basi watoto wadogo watuzwe shuleni kwao asubuhi. Lakini wa sekondari wanajua tayari. Walimu wao walipata barua, na barua hazifichiki. Kuhusu hoja ya pili nilimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu yangu. Hawaji kwa ajili ya bajeti, wanakuja kwa ajili ya watoto wao, na mkishawapata mnawafungulia mlango watoke. Alicheka, akasema atalifikisha. Sijui kama alilifikisha.

Kikao cha kusikiliza maoni kuhusu bajeti ni Juni, na sheria inataka ipitishwe kwenye kikao kingine, kabla ya Julai mosi, kwa hiyo ni jioni mbili. Kwenye ratiba sikuona vyeti. Yule baba Mkongo ameniandikia kwamba atawahi anihifadhie kiti. Nimemjibu asijisumbue, kaka, viti havitakosekana.