Buti Zangu na Kabichi za Mama Mkwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufurahi. Niling'oa kabichi moja iliyosinyaa, nikitarajia mizizi myembamba ya kawaida, ikatoka mizizi minene, imevimba na kupindapinda kama vidole vya bondia aliyepigana bila glavu. Nikamwita mke wangu: "Njoo uone! Mbolea imekubali!"

Akaitazama mizizi, akaitazama kabichi yenyewe, iliyolingana na ngumi ya mtoto, akauliza, "Kwa hiyo mwaka huu tunakula mizizi?"

Kabichi zile zilikuwa zimenichezea wiki nzima. Adhuhuri zinalala kama zimepokea habari za msiba, jioni zinaamka na kunyooka kama si zenyewe. Nikaamua zina kiu. Nikazimwagilia asubuhi, mchana na jioni mpaka tuta likageuka tope.

Sasa, mimi si mtu wa kutupa kitu. Nilizikatakata zote, na mizizi yake minono, nikazitia kwenye shimo la mboji. Mboji yangu, tuseme ukweli, haikuwahi kupata joto. Panya walikuwa wamehamia humo na walionekana kuridhika. Kila kitu kilipooza vizuri nikaisambaza shambani kwa haki na usawa, hata kitalu kikapata fungu lake. Humo nikasia mbegu, na miche ilipotoka, chipukizi zake zilipendeza mno. Nikachagua 40 iliyo bora, nikaing'oa na udongo wake, nikavaa buti zangu zenye tope, nikabeba jembe langu, nikaenda kumsaidia mama mkwe kupanda. Nani kasema wakwe hatuna faida?

Miezi miwili baadaye niliitwa. Simu yenyewe ilikuwa fupi: "Njoo."

Nilimkuta bwana shamba amechuchumaa kwenye tuta, kashika kabichi ya mama mkwe iliyong'olewa. Vile vidole vya bondia nikavijua mara moja. Safari hii sikumwita mtu aje kuona.

"Kimelea huyu anaitwa Plasmodiophora brassicae," alisema bwana shamba, kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni rasmi. "Mrusi mmoja, Woronin, ndiye aliyemweleza, mwaka 1878. Anaingia mzizini, mzizi unavimba, maji hayapandi sawasawa. Ndiyo maana jua likiwaka kabichi inalala."

"Lakini yangu ilioza kabisa kwenye mboji," nikaropoka. "Niliona kwa macho yangu!"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

Bwana shamba akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba ule uvimbe ukioza ndipo unapomwaga spora, yaani vijimbegu vya kimelea huyo, mamilioni kwa mamilioni, kila moja ndogo kiasi cha mikroni 3, yaani sehemu tatu za elfu za milimita, na imejifunika ganda gumu. Zinalala udongoni bila kudai chakula. Mzizi wa jamaa ya kabichi ukipita karibu na kuvuja majimaji yake, spora inaamka, inatoa kijidudu chenye mikia miwili, nacho kinaogelea kwenye maji ya udongo mpaka kwenye vinyweleo vya mzizi.

"Kinaogelea?" nikauliza, nikikumbuka lile tope langu.

"Ndiyo. Udongo ukilowa sana, kwake ni sikukuu."

Mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na hizo zinazolala, zinalala mpaka lini?"

"Nusu yake hufa ndani ya miaka 4 hivi."

Nikachangamka. "Kumbe ni nafuu!"

"Nusu ya bilioni ni ngapi?" akaniuliza bwana shamba. Nikanyamaza. "Nyingine hufika miaka 15, na zaidi."

Mama mkwe ana miaka 71. Alihesabu kwa vidole taratibu, akamaliza, akanitazama.

Bwana shamba akajaribu kumfariji. "Mshukuru, mama, ungeweza kuwa ule ugonjwa wa masundosundo ya viazi. Spora zake hulala hata miaka zaidi ya 30."

"Usimwambie huyu," akasema mama mkwe haraka. "Atauleta."

Kisha likaja swali nililoliogopa: umeingiaje hapa? Bwana shamba akataja njia: miche yenye udongo, jembe lisilosafishwa, samadi ya mifugo iliyolishwa mizizi migonjwa, maji ya mvua, matope ya viatu. Kila akitaja moja, macho ya watu yalinishukia hatua moja, mpaka yakatua kwenye buti zangu. Nilikuwa nimezivaa zilezile.

Tulitia chokaa, maana kimelea hiki hupenda udongo wenye asidi. Chokaa humbana ila haimwui. Kabichi, koliflawa, brokoli na figili zikapigwa marufuku pale.

Siku hizi nikipiga hodi kwa mama mkwe, siambiwi karibu. Naambiwa, "Buti!" Kisha inatoka ndoo ya maji na brashi. Wiki iliyopita nilikwenda na viatu vya ngozi, vipya, vilivyotoka dukani asubuhi ileile. Ndoo ikatoka.

"Mama, hivi havijawahi kukanyaga shamba."

"Hata mimi," akasema, "nilikuwa sijawahi kuona kabichi yenye vidole."

Nikainama, nikasugua.