Neema Juu ya Chukudu

Kwanza nieleze: sisi wa Goma pikipiki tunaiita moto. Dada yangu aliyeolewa Kigoma alinipigia simu siku moja, akauliza Neema wa darasa la pili anafikaje shuleni. Nikamjibu, "Tunamtia kwa moto kila asubuhi." Simu ikanyamaza hadi nikadhani inite, yaani salio, zimeisha.

Hatukuwa na njia nyingine. Mama Neema ni muuguzi, anaingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku. Mimi nauza misumari na mabati kwenye depo ambayo bosi wake hufungua saa moja kamili. Ukimkuta ameshaingia, siku nzima imekatwa kwenye mshahara. Niliwahi kumwomba ruhusa ya nusu saa tu nimchukue mtoto saa sita na nusu. Akaniambia mtoto si mali ya depo.

Basi tukampata motari, yaani mwendesha moto, wa kulipwa kwa mwezi. Mtu wa neno lake kabisa, na hapo ndipo balaa lilipotokea. Jumatano moja cheni yake ilikatika. Motari mwingine angezima simu akalala. Yeye akaona aibu, akamtuma mdogo wake amchukue mtoto. Mdogo wake ana chukudu.

Kwa msiokijua chombo hiki: ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala breki za maana, na inabeba magunia ambayo punda angeyakataa. Mjini kwetu kina hadi sanamu yake. Kushuka kuelekea ziwani, kinaruka kama mwewe. Kupanda kurudi upande wa volkano, ni kusukuma tu. Na kwetu ni Majengo, juu.

Mama Neema akanipigia akipiga kelele: "Baba Neema! Mwalimu anasema mutoto ameenda na chukudu!"

"Chukudu gani?"

"Mimi nitajua? Ya miti!"

Nikaenda kwa bosi nimejishika tumbo. Nikamwambia naharisha tangu alfajiri, na kwamba nikibaki hapo sitajibu kwa litakalotokea juu ya mabati yake. Akaniruhusu haraka sana.

Nilikimbia hadi soko la Virunga. Umewahi kutafuta chukudu moja pale? Ni kama kumtafuta samaki mdogo sambaza mmoja ziwani. Kila niliyemuuliza, "Umebeba mutoto?" alinitazama kichwa hadi miguu, na mmoja akanijibu kwamba kwa leo amebakiwa na kabichi tu.

Nikawakuta barabarani wakielekea Majengo. Kijana anasukuma, jasho linamtiririka, na juu ya magunia mawili ya makaa ameketi binti yangu kama mke wa mwami, yaani mfalme, mkono mmoja ukishika kamba, mwingine ukiwapungia wapita njia. Ile shati nyeupe ya shule? Tuiache.

"Papa! Hii ni muzuri kuliko moto!"

Nilitaka kumshusha tupande moto. Nikapapasa mfuko: pesa zote zimebaki kwenye droo ya depo. Kijana akasema kwa upole, "Papa, kama uko na nguvu, sukuma nyuma, tufike." Nikavua koti. Mawe ya lava ya mwaka 2002 bado yamechomoza njia ile, kila hatua gurudumu linagoma. Nikainama, nikasukuma kwa kifua, kwa bega, hadi kwa kichwa.

Gari likapunguza mwendo ubavuni kwetu. Kioo kikashuka.

"Tumbo linaendeleaje?" akauliza bosi.

Nikafungua mdomo, pumzi haikutoka. Neema ndiye aliyejibu. Aliinama kutoka kwenye kiti chake cha enzi, uso mweusi meno meupe, akasalimia kwa adabu tuliyomfundisha: "Jambo, papa." Kisha akanigeukia mimi.

"Papa, ni huyu mwenye kukataga siku?"

Alikata mbili.