Saketi zisizo na saa: zifundishwe Dodoma?

Wanaotaka saketi asinkroniki, yaani zisizo na saa, zifundishwe vyuoni hapa Dodoma wana hoja wanayoipenda: kuokoa umeme. Saketi ya kawaida ya kidijitali huongozwa na pigo la saa linalosambaa chipu nzima mara mamilioni kwa sekunde, kazi iwepo isiwepo. Ni kama treni ya SGR, huondoka kwa ratiba hata mabehewa yakiwa nusu tupu. Daladala la UDOM huondoka likijaa. Asinkroniki ndiyo hilo daladala: kipande kikimaliza kinatuma ombi, cha mbele kikipokea kinajibu, kazi inasonga.

Historia inawabeba. Kule Manchester, kundi la mhandisi Steve Furber liliunda AMULET1, prosesa isiyo na saa ya ukoo wa ARM (prosesa zinazotumika sana kwenye simu), miaka ya 1990. Philips nayo ikatumia 80C51 isiyo na saa, maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), kwenye peja, kifaa cha kupokea ujumbe mfupi kwa redio, maana saketi ya namna hiyo haiisumbui sana redio iliyo jirani yake.

Lakini hoja hii ikishushwa shambani inapwaya. Chukua kihisi cha unyevu kwenye zabibu za Hombolo, chenye betri na sola. Maikrokontrola ya kawaida ikilala, saa yake kuu inasimama, inabaki kunywa maikroampia chache tu. Kinachomaliza betri mara nyingi ni redio inayotuma data, na redio haijali prosesa imeundwaje.

Wapinzani wana la ziada: zana. Programu nyingi za FPGA, chipu ambayo mtumiaji huipangia saketi mwenyewe, zimejengwa kwa saketi za saa. Ukiongeza lango la mantiki la kuzuia ishara isiruke kidogo pasipo sababu, programu inaliona halina kazi, inalifuta. Hapo mwanafunzi anapigana na zana badala ya kujifunza.

Mimi bado nasema zifundishwe, ila kwa sababu nyingine. Hata kwenye saketi ya saa kuna mahali saa haitawali: kitufe hubonyezwa wakati wowote, chipu mbili zenye saa tofauti hulazimika kuongea. Ishara ikibadilika sambamba na pigo, flipu-flopu, saketi inayokumbuka 0 au 1, inaweza kuning'inia kati ya 0 na 1 kwa muda usiotabirika. Aliyezoea kuachia saa kila kitu, hapo anabaki kubahatisha kwa kuongeza kapasita.

Wiki mbili mwishoni mwa muhula zinatosha, na vifaa si vya kutafuta mbali. Kiungo C cha Muller hutoa 1 pale tu ingizo zote mbili zikiwa 1, hutoa 0 zote zikiwa 0, vinginevyo hushikilia kilichokuwepo. Kinaundwa kwa milango mitatu ya NAND (hutoa 0 pale tu ingizo zote zikiwa 1) kutoka chipu ya 7400 na mmoja wa ingizo tatu kutoka chipu ya 7410, tokeo likirudishwa ndani. Kisha waanze na makubaliano ya awamu nne, ombi na jibu vikirudi 0 kila mzunguko. Yale ya awamu mbili yana hatua chache, lakini kwa taa za LED ni vigumu kujua zamu ni ya nani.