Kura Zilihesabiwa, Jina Likabadilishwa

Alhamisi ile binti yangu alirudi kutoka shule akakaa barazani, viatu miguuni, begi mgongoni. Nilidhani amechapwa. Kumbe ni mambo ya kura ya kaka mkuu.

Yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Morogoro. Jumatano walitoka darasa baada ya darasa hadi chini ya mwembe, kila mmoja na kikaratasi kilichochanwa daftarini, wakatumbukiza kwenye ndoo nyeupe ya plastiki iliyotobolewa mfuniko. Kura zikahesabiwa mbele yao. Mmoja anasoma jina kwa sauti, mwenzake anachora vistari ubaoni, vinne na cha tano kinakatiza. Kijana aliyeshinda aliwaacha wenzake mbali. Binti yangu anasema upande wake wa ubao ulijaa, ikabidi waendelee kuchora pembeni. Wakambeba juujuu.

Kesho yake mstarini mwalimu wa zamu akasoma orodha ya viranja wapya, na jina la kaka mkuu likawa la mtu mwingine. Maelezo hayakutolewa. Watoto walipoguna wakaambiwa wapige magoti.

Sababu kila mwanafunzi anaijua. Mwezi mmoja kabla, kijana yule alinyoosha mkono mstarini akauliza kwa nini uji umekatika ilhali wazazi walishalipa mchango. Aliuliza kwa adabu, mikono nyuma. Tangu siku hiyo anaitwa mbishi.

Kipindi cha tatu siku ile ile ya Alhamisi walikuwa na Uraia. Daftari nimeliona kwa macho yangu. Mwandiko wa binti yangu ni mzuri, vichwa vya habari amevipigia mstari kwa rula. Sifa za uchaguzi huru na wa haki, ya kwanza hadi ya saba, kwa Kiingereza. Ya tano inasema matokeo yatangazwe kama yalivyo. Kando yake kuna alama ya vema ya wino mwekundu. Alinionyesha kwa kidole tu, hakusema neno.

Hilo ndilo limenikalia kooni. Wiki mbili baadaye tuliitwa mkutano wa wazazi, na kwa zaidi ya saa nzima tulizungumzia maadili. Nywele, simu, suruali za kubana, watoto wa siku hizi hawasalimii. Mzazi mmoja akapendekeza viongezwe vipindi vya maadili, akapigiwa makofi. Nikasimama nikauliza: kura za kaka mkuu zilikwenda wapi? Nikajibiwa, "Mzazi, hayo ni mambo ya ndani ya shule." Ajenda ikaendelea.

Mambo ya ndani ya shule ndiyo maadili yenyewe! Mtoto hajifunzi uraia katika kipindi cha dakika 40. Anajifunza kwa namna anavyotawaliwa tangu anapovuka geti asubuhi. Katika siku moja zaidi ya watoto mia tatu walijifunza kwamba kura ni mchezo wa kupitisha muda, kwamba anayeuliza habari za fedha ya umma anakuwa na kosa, na kwamba ukishangaa kwa sauti unapigishwa magoti. Hakuna mtaala utakaofuta somo hilo, kwa sababu walilisoma kwa magoti yao wenyewe, kwenye changarawe. Halafu miaka minne au mitano ijayo tutawauliza kwa nini hawajiandikishi kupiga kura, kwa nini hawaendi mkutano wa mtaa, kwa nini mtendaji akila fedha wanakaa kimya.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 wengi tunaikumbuka kwa shamba la shule. Nimelima sana, kovu la jembe ninalo kwenye mguu wa kushoto hadi leo. Tunachosahau ni kwamba alitaka wanafunzi wapewe nafasi ya kuamua mambo ya shamba lao: fedha waliyoipata wakodi trekta, au waitumie kwa jambo jingine la shule na kazi ngumu waifanye kwa mikono yao. Wakikosea, waone wenyewe kosa liko wapi. Jembe tulilichukua. Maamuzi tukayafungia ofisini.

Nafahamu somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia sekondari na linafundishwa kwa Kiswahili. Ni jambo jema, nimelisubiri siku nyingi, maana mtoto anayekariri haki zake kwa lugha asiyoota nayo ndoto anazikariri kama kanuni za kemia. Lakini kitabu kipya kikiingia shule ile ile, yenye mstari ule ule, kitafanya nini?

Viboko navyo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Ulizeni watoto wenu kama wamewahi kukiona kitabu hicho.

Najua nitakavyojibiwa. Dada yangu ni mwalimu, ana darasa la wanafunzi 84, na aliniambia wazi: ukiwaachia watoto wachague, mwaka mwingine watamchagua mchekeshaji. Sawa, nakubali kwa shingo upande. Shule haiwezi kuendeshwa kwa kura kila siku, na mkuu wa shule ndiye anayebeba lawama jengo likiungua. Basi masharti ya mgombea yabandikwe ukutani kabla ya mtu kuchukua fomu. Asiyefaa aondolewe mapema, aambiwe sababu, asikilizwe. Ibara ya 13 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na sioni mahali ilipowatoa waliovaa sare. Kuwaacha watoto wahesabu hadi ubao ukajaa, kisha kubadili jina usiku, huko si kulinda nidhamu. Ni kuwafundisha udanganyifu kwa vitendo, na mwalimu anayefundisha kwa vitendo hafutiki kichwani mwa mtoto.

Mkutano ulipovunjika nilikuwa natafuta pikipiki yangu chini ya mwembe ule ule. Mama mmoja akanifuata, kitenge kiunoni, mikono ina harufu ya dagaa, nadhani alifunga genge lake akaja moja kwa moja. Akanisalimu, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mzazi mwenzangu, yule ni mwanangu. Nakushukuru. Ila nakuomba liache. Ana mtihani mwakani."

Nilimuuliza kijana anaendeleaje. Akasema yuko salama, siku hizi anakaa nyuma, hanyooshi tena mkono.